Kuunganisha Chombo cha GPS na Simu Bila Waya

  Ninyi mnaonisikia redioni, fungueni ukurasa huu mfuate kwa kidole, kama ilivyo desturi yetu. Na wewe uliyepata karatasi tu bila kuisikia sauti, soma polepole. Hakuna anayekukimbiza.

Leo nataka kusema nanyi juu ya chombo kidogo cha kushika mkononi, kinachomwonyesha mtu mahali alipo duniani. Jina lake ni herufi tatu: GPS. Hutamkwa ji-pi-es. Hapana shaka wengi wenu mmekwisha kukiona. Wapimaji wa ardhi wakija kijijini huwa nacho, na mabwana shamba, na askari wa wanyama pori. Kwa umbo chafanana na zile simu za vitufe, ila ni kinene kidogo. Lakini leo sitasema juu ya chombo hiki peke yake. Nitasema namna kinavyozungumza na chombo kingine, kama simu au kompyuta, pasipo waya kati yao. Na hata wewe usiye na chombo hiki, ambaye labda hutakinunua kamwe, yafaa usikilize. Sababu yenyewe ni mpaka wa shamba lako.

Chukueni kalamu. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Shamba la ekari moja likiwa la mraba, kila upande ni karibu mita 64. Tuseme upande mmoja umeandikwa vibaya, umeingia ndani mita 5. Zidisha 64 kwa 5. Umepata ngapi? 320. Basi mita za mraba 320 zimetoka kwako zikaenda kwa jirani, wala jirani hakufanya hila yoyote. Ukipanda mahindi sentimita 75 kati ya mstari na mstari, na sentimita 30 kati ya shina na shina, katika ukanda ule kuna nafasi ya mashina zaidi ya 1,400. Hicho ni chakula cha watu, si kosa la kalamu tu.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ambayo ni sheria namba 5 ya mwaka 1999, imeweka njia ya mwanakijiji kupata Hati ya Hakimiliki ya Kimila kwa shamba lake. Kabla ya hati kuandikwa, mipaka hupimwa. Mwaka 2014 katika Wilaya ya Iringa yalianza majaribio ambayo vijana wa vijiji wenyewe walifundishwa kupima kwa simu za mkononi, wakitembea mipakani pamoja na wenye mashamba na majirani zao. Jambo hili limeleta faida kubwa. Lakini namba za mpaka wako, tangu zipatikane shambani mpaka zichapwe kwenye karatasi, husafiri. Hutoka katika chombo kimoja zikaingia kingine, na mara nyingi husafiri bila waya. Katika safari hiyo ndimo zinamoweza kuharibika, na mwenye shamba akiwa amesimama pale pale pembeni, haoni kitu.

Kwanza tujue chombo kinapataje habari zake. Wazee walikuwa wakisema "simu ya upepo" kwa habari zinazopelekwa bila waya, na mimi napenda jina hilo kuliko majina mengi ya siku hizi. Juu yetu, umbali wa kilomita 20,200 hivi kutoka chini, huzunguka setilaiti za GPS. Ni mali ya serikali ya Marekani, na ya kwanza ilirushwa mwaka 1978. Urusi, Ulaya na China nazo zina setilaiti zao za kazi hiyo hiyo, na vyombo vingi vya sasa huzisikiliza zote pamoja. Kila setilaiti hutangaza bila kupumzika. Ni kama inasema, "Mimi ni fulani, nipo mahali fulani, na saa ni hii." Chombo kilicho mkononi husikia tangazo hilo, kikapima limechelewa kiasi gani njiani, kikajua setilaiti ipo umbali gani. Kikisikia setilaiti nne au zaidi kwa wakati mmoja, kinaweza kujua mahali kilipo. Uwanjani, penye anga wazi, chombo cha kawaida cha mkononi hukosea kwa mita 3 mpaka 5. Chini ya mwembe mkubwa hukosea zaidi, na chini ya bati huenda kisisikie kabisa.

Watu wazima huuliza swali moja kila ninapofundisha somo hili, na ni swali la akili. Huwa hivi:

"Mjukuu wangu, chombo hiki kikijua shamba langu lilipo, hao wenye setilaiti nao hawajui?"

"Hapana, babu. Redio yako inamsikia mtangazaji, lakini mtangazaji hajui kama umeifungua au umeizima. Na hiki ni hivyo hivyo. Chenyewe kinasikia tu, hakiwajibu walio juu."

Kijana amejibu sawa, ila ningemwongezea jambo moja. Chombo kikiisha kuunganishwa na simu, habari zake zimeingia ndani ya simu, na simu haifanani na redio. Simu husikia na kusema. Yaweza kupeleka habari mbali sana. Kwa hiyo kumwuliza mpimaji, "Namba zangu zitakwenda wapi zikitoka hapa?" si utovu wa adabu. Mwulize.

Sasa tuingie katika kuunganisha. Njia inayotumika sana huitwa Bluetooth. Someni herufi moja moja na mwalimu wenu, maana neno hili haliandikwi kama linavyotamkwa: twasema blu-tuuth. Maana yake ni jino la buluu. Hilo lilikuwa jina la utani la Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, ambaye husimuliwa kuwa aliwaunganisha watu waliokuwa mbalimbali. Mafundi wa miaka ya 1990 walipotafuta jina la njia ya kuunganisha vyombo vya makampuni mbalimbali, wakachukua jina la mfalme huyo. Kazi yenyewe ilikuwa imeanzia Sweden, katika kampuni ya Ericsson.

Bluetooth ni redio ndogo ya masafa mafupi. Katika vyombo vingi hufika mita 10 hivi. Mawimbi yake hayapendi maji, na mwili wa mtu una maji mengi. Basi mpimaji akiweka chombo cha GPS katika mfuko wa nyuma, na simu ameishika mbele ya kifua, mwili wake mwenyewe ni kama ukuta kati ya vyombo viwili. Utamsikia akilalamika kwamba simu ni mbovu. Mwambie atoe chombo mfukoni. Tena chombo cha GPS hutaka kuona anga, kwa hiyo mahali pake ni juu, begani au juu ya mfuko wa mgongoni, si ndani ya nguo.

Kabla ya vyombo viwili kuzungumza, lazima vijuane. Simu yenye lugha ya Kiswahili hutumia neno "oanisha". Litazameni vizuri. Oa, oana, oanisha. Ni kuvifanya vyombo viwili vioane. Sikulibuni mimi, na wapo wanaolicheka, lakini naona limekaa mahali pake, kwa sababu ndoa hii nayo yataka ridhaa ya pande mbili na mashahidi.

Hufanywa hivi. Katika chombo cha GPS, unafungua orodha ya mipangilio, unawasha Bluetooth, na unakiruhusu kionekane na vyombo vingine. Katika simu unafungua Mipangilio, unatafuta mahali pa vifaa vilivyounganishwa, unabonyeza "oanisha". Simu hupekua hewani kwa muda kidogo, halafu huandika majina ya vyombo ilivyovisikia. Chombo kingine hakitaki kuoanishwa hapo. Chataka uingie kwa programu ya kampuni iliyokitengeneza, na vyombo vingi vya Garmin ndivyo vilivyo. Simu ikikuuliza kama unairuhusu programu hiyo kujua mahali ulipo, na kutafuta vifaa vilivyo karibu, lazima ukubali. Ukikataa, utapekua mpaka jua lizame usione jina hata moja.

Sasa hutokea tarakimu sita katika kioo cha simu, na tarakimu sita katika kioo cha chombo. Mmoja wenu asome za simu kwa sauti, na mwingine asome za chombo. Zikiwa sawa, bonyezeni wote wawili. Zikiwa tofauti hata tarakimu moja, kataeni, maana mnataka kumwoza asiyehusika. Siku ya upimaji watu ni wengi na simu ni nyingi, na wapimaji wawili wenye vyombo vya namna moja huenda wakaunganishwa kinyume, huyu akapokea mpaka wa yule. Chombo kisicho na kioo hakiwezi kuonyesha tarakimu. Hicho kina namba iliyobandikwa mgongoni, na mara nyingi jina linalotokea katika simu lina sehemu ya namba hiyo. Geuza, soma, linganisha.

Vimeoana. Je, kazi imekwisha? Bado, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu naona hata wenye elimu huteleza hapa.

Mazungumzo ya chombo cha GPS na chombo kingine ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni kama barua. Chombo kimetembea, kimeweka alama katika kila pembe ya shamba, kisha baadaye kinazipeleka alama zile kwa mwenzake. Namna ya pili ni kama matangazo ya mpira. Kila sekunde chombo kinaiambia simu, "Sasa nipo hapa, sasa nipo hapa," na simu ndiyo inayochora mpaka.

Si kila chombo kinaweza zote mbili. Chombo kiitwacho Garmin eTrex 30, kilichotoka mwaka 2011, huweza kupeleka alama kwa mwenzake wa jamii yake bila waya. Watu wawili husimama karibu karibu, hatua tatu hivi, mmoja akatuma na mwingine akapokea. Lakini hakina Bluetooth, wala hakizungumzi na simu yako. Ndugu yake, eTrex 10, hana hata uwezo huo wa kumtumia mwenzake. Yeye hutaka waya. Tena kuna chombo kama Garmin GLO, ambacho hakina kioo wala hakiweki alama. Kazi yake ni matangazo tu. Husikia setilaiti na kuisimulia simu, mara kumi kwa sekunde moja. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Chombo changu kina Bluetooth," hajakuambia neno la kutosha. Mwulize: ni barua au ni matangazo?

Na hatari kubwa iko katika matangazo. Simu nyingi za kisasa zina sikio lao wenyewe la kusikia setilaiti. Sikio hilo ni dogo, na mara nyingi si zuri kama la chombo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Sasa mpimaji ameoanisha chombo kizuri na simu yake, kioo kimeandika "imeunganishwa", naye ameridhika. Lakini programu ya kuchora mpaka haikuambiwa imsikilize mgeni. Inaendelea kulisikiliza sikio la simu. Chombo cha bei kubwa kinasema, kinasema, na hakuna anayekisikiliza. Ramani inatoka safi, mistari imenyooka, na vipimo ni vya simu tupu.

Dawa ni jaribio ambalo hata mtu asiyejua kusoma aweza kulisimamia. Kabla ya kuanza kupima, mtu mmoja asimame na simu bila kusogea. Mwingine achukue chombo cha GPS atembee hatua nane upande mmoja, penye anga wazi. Wote waangalie alama katika kioo cha simu. Alama ikimfuata yule anayetembea, simu inasikiliza chombo. Alama ikibaki kwa aliyesimama, simu inajisikiliza yenyewe, na kazi isianze. Msizidi hatua nane, maana vyombo vikiachana mbali ndoa huvunjika na jaribio halina maana. Programu nyingine zina mahali pa kuchagua chombo cha nje, na kosa hurekebishwa kwa dakika moja. Nyingine hazina. Katika simu za Android itabidi kutumia programu ya kusaidia, na kuingia katika mipangilio iliyofichwa kwa ajili ya mafundi ili programu hiyo iruhusiwe kuiambia simu nzima mahali ilipo. Hilo mwachieni mpimaji alifanye ofisini. Ninyi kazi yenu ni kumwambia, kwa heshima, "Bwana, tafadhali, tulifanye lile jaribio la hatua nane."

Sasa tuzisome namba zenyewe. Tuseme mko karibu na Morogoro, na kioo cha chombo kimeandika:

37 M 0352100
9246100

Hiyo 37 M ni jina la eneo, kama jina la wilaya katika anwani. Namba ya kwanza chini ya jina hilo, 0352100, huongezeka ukienda mashariki. Ya pili, 9246100, huongezeka ukienda kaskazini. Hesabu ni ya mita. Ukienda mita moja mashariki, 0352100 inakuwa 0352101. Jaribuni wenyewe siku mkipata chombo, maana mtu akiisha kuiona namba ikipanda kwa miguu yake mwenyewe haisahau. Angalieni na jina la eneo. Morogoro ni 37, lakini Iringa mjini ni 36, kwa kuwa mstari wa nyuzi 36 mashariki hupita katikati ya nchi. Mtu akinakili namba akaiacha 36 au 37, ni sawa na kuandika barua bila kutaja mkoa.

Tena kuna jambo la msingi wa ramani. Ramani nyingi za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zilichorwa kwa msingi uitwao Arc 1960. Setilaiti za GPS hutumia msingi mwingine, uitwao WGS 84. Mahali pale pale, pembe ile ile, chini ya mti ule ule, misingi hii miwili hutoa namba zinazoachana kwa karibu mita 300. Chombo kikituma barua yake chenyewe, kwa kawaida hupeleka namba za WGS 84, na hakuna tatizo. Tatizo huja chombo kilipowekwa Arc 1960, mtu akasoma kioo akaandika kwa mkono, na mwingine akaziingiza katika simu iliyowekwa WGS 84. Nimepata kuiona ramani ya kijiji kimoja ambamo uwanja wa shule ulikuwa ng'ambo ya mto. Watoto hawakuwahi kuvuka mto kwenda shule. Namba ndizo zilizovuka. Kwa hiyo katika daftari, juu ya ukurasa, kabla ya namba yoyote, andikeni WGS 84 au Arc 1960, kama chombo kinavyoonyesha katika mipangilio yake.

Mkiisha kuzunguka shamba, hesabuni. Shamba lina pembe sita? Basi simu nayo iwe na alama sita, si tano. Fungueni kila moja mlinganishe na chombo. Alama zisifutwe katika chombo mpaka zimeonekana katika simu, na ni vizuri zaidi zibaki mpaka zionekane katika kompyuta ya ofisi. Bluetooth ikiwashwa siku nzima hula betri, nacho chombo kikizimika katikati ya kutuma, barua yaweza kufika nusu. Mpimaji mzuri huzima Bluetooth anapotembea na chombo cha barua, akaiwasha wakati wa kutuma tu. Mwenye chombo cha matangazo hana njia hiyo, basi abebe betri au chaja ya akiba.

Na wewe mwenye shamba, andika namba zako katika daftari lako mwenyewe, pale pale pembeni, kwa mkono wako. Jirani wa upande ule naye azisome na kutia sahihi. Najua vijana watasema karatasi ni mambo ya zamani. Na waseme. Simu huibwa, huanguka majini, na programu hubadilishwa na watu walio mbali ambao hawakuuliza mtu.

Sasa kazi ya darasa. Mama mmoja amesimama katika pembe ya shamba lake. Chombo cha GPS, kilicho begani kwa mpimaji, kimeandika 37 M 0352100 na 9246100. Simu ya mpimaji, ambayo kioo chake kinasema imeunganishwa, imeandika 37 M 0352107 na 9246100. Vyombo vyote viwili vimewekwa WGS 84. Jibuni katika daftari: namba ipi imetofautiana? Ni kwa mita ngapi, na upande gani? Je, simu inakisikiliza chombo? Kisha andikeni, kwa sentensi mbili tu, maneno ambayo mama huyu atamwambia mpimaji kabla hawajaondoka kwenye pembe ile. Mwalimu atazisoma kwa sauti, na juma lijalo tutaanza na majibu yenu.